Fuvu la Oldupai na Mavumbi ya Ardhi

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Oldupai, Mary Leakey aliona kipande cha mfupa kikichomoza kwenye mteremko. Mumewe, Louis, alikuwa kambini akiugua. Mary alipotazama vizuri aliona meno makubwa, akaenda mbio kumwita. Wakachekecha udongo na kuunganisha vipande, hata likapatikana fuvu lenye uso mpana na magego makubwa kuliko yetu. Waliliita Zinjanthropus, kutokana na Zinji, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki.

Baadhi yetu hudhani wachimbaji wa mifupa walikuja kupiga vita imani. Lakini Louis alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana, na ujanani alikusudia kuwa mmisionari mwenyewe.

Mwaka 1961 ilitangazwa kwamba majivu ya volkano ya mahali pale yamepimwa, na umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Ubongo wa kiumbe yule ulizidi kidogo sentimita za ujazo 500. Wetu hukaribia 1,350. Mwanzoni Louis aliamini kwamba ndiye aliyechonga zana za mawe za Oldupai. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kiumbe mwingine, Homo habilis, yaani mtu stadi, wakamhesabia huyo zana zile.

Tusiwacheke kwa kubadili mawazo. Martin Luther naye, mwaka 1541, alichapisha jedwali la miaka ya ulimwengu, akihesabu kuwa mwaka 1540 ulikuwa wa 5500 tangu kuumbwa. Alihesabu kwa vitabu alivyokuwa navyo. Hata hivyo hakutufundisha kwamba tunaokolewa kwa kuijua hesabu hiyo, bali kwa neema, kwa njia ya imani.

Basi vijana wa Kipaimara wakituuliza kama fuvu lile ni la Adamu, tusiwakemee. Tuwaambie kwamba Mwanzo sura ya pili inasimulia jinsi Mungu alivyomfanya mtu kwa mavumbi na kumpulizia pumzi, haitaji mwaka. Mifupa hutueleza habari za mavumbi. Habari ya pumzi hatuipati kwa rula wala mizani.

Na hapa kuna jambo zito. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mafuvu ya wazee wetu yalisafirishwa hadi Berlin, katika zama ambazo wataalamu walipima vichwa ili kuwapanga watu kwa madaraja. Jamaa za Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, wamelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Kosa la wapimaji wale halikuwa kupima mfupa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba heshima ya mtu imo ndani ya kipimo.

Sura ya Mungu haipimwi kwa sentimita za ujazo. Ingekuwa hivyo, tungesema nini juu ya mtoto aliyezaliwa na kichwa kidogo, au bibi aliyesahau hata majina ya wanawe? Hao tunawabatiza, tunawapelekea Chakula cha Bwana nyumbani, na wakifa tunawazika kwa majina yao, tukitamka juu ya kaburi lile neno la mavumbi pamoja na tumaini la ufufuo.