Ndege wa Kuwinda wa Nyanda za Juu: Toka Bunduki hata Picha

Msafiri atokaye Mbeya kuelekea Tunduma, apitapo Mbalizi na mashamba ya kahawa na mahindi yaliyo kandokando yake, aghalabu humwona juu ya nguzo ndege mkubwa wa kuwinda, mwenye mgongo mweusi na mkia mfupi wa rangi ya kutu, ambaye chakula chake hasa ni panya. Ndiye yule ambaye Mjerumani Rüppell alimpa jina la kitaalamu, augur, mwaka 1836.

Zamani hizo maarifa ya ndege yalipatikana kwa mtutu wa bunduki. Tabibu Friedrich Fülleborn, aliyekuwa pande za Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya ngozi za ndege, nazo zikafika Berlin, ambako Anton Reichenow aliwaita baadhi yao kwa jina la tabibu huyo. Na baadaye Admirali Hubert Lynes wa Uingereza akazipitia nyanda za Iringa kwa kazi ile ile. Siwabezi hata kidogo, kwani pasipo ngozi zile pasingekuwa na mizani ya kupimia lolote. Lakini ndege wa kuwinda alazwaye sandukuni, mbawa zimekunjwa na macho yamejazwa pamba, amekwisha kunyang'anywa sifa iliyo bora ya kumtambulia, nayo ni namna anavyojitandaza hewani.

Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba, kwa jamii hii ya ndege, picha si badali hafifu ya ngozi, bali ni ushahidi unaojitegemea. Mtazame tai yule mweusi mwenye uso mwekundu, ambaye mkia wake ni mfupi hata miguu hutokeza nyuma yake arukapo: apigwapo picha kutoka chini, ukingo mweusi wa nyuma ya bawa ukiwa mpana, ni dume, ukiwa mwembamba, ni jike, jambo ambalo jicho tupu, ndege akipita kasi, mara nyingi haliwahi kulithibitisha.

Mashaka huzidi kwa ndege wachanga. Kijana wa augur hana bado mkia wa kutu, na rangi yake ya hudhurungi humfananisha na mgeni ajaye kutoka kaskazini kati ya Oktoba na Aprili, na hata na ndugu yake wa misitu ya milimani. Na jua likiwa nyuma ya ndege, tumbo jeupe huonekana jeusi. Basi mwenye insafu hutanguliza umbo mbele ya rangi, hutaka picha kadhaa za ndege yule yule, tena huuliza mahali na mwezi.

Nyanda hizi zimekwisha kuonyesha uwezo wa picha na mpaka wake. Mwaka 2005 kima kipunji wa Mlima Rungwe alitangazwa kwa ulimwengu kwa ithibati ya picha, na baadhi ya wataalamu wakapinga. Mwaka uliofuata, baada ya kuchunguzwa mzoga wa mmoja aliyenaswa na mtego wa mkulima, ikadhihirika kwamba nasaba yake ni ya peke yake. Picha ilisema kweli kwamba mnyama ni mpya, ila nasaba haikuweza kuitoa. Kwa ndege wa kuwinda wa Mbeya nasaba zimekwisha kuandikwa; linalosalia ni kujua nani apita wapi, na katika mwezi gani, na hilo picha yenye tarehe na mahali hulitosheleza.