MFUNGWA ANAPORUDI NYUMBANI: HISTORIA YA KAMPALA NA SOMO LAKE KWETU



Ndugu wasomaji, mtu akifungwa habari zake huenea mtaa mzima siku hiyo hiyo. Na siku akitoka habari huenea vile vile, ila safari hii watu hufunga milango. Mwenye duka humwangalia mikono, wazazi huwaita watoto ndani, na hata msikitini wapo wanaosita kumpa salamu. Amemaliza kifungo alichohukumiwa na mahakama, lakini kile cha mtaani ndiyo kwanza kinaanza. Katika makala hii tumependa tuiangalie historia yetu hapa Kampala, tujiulize: kumpokea mtu huyu ni kazi ya nani?

Kabla ya ukuta wa Luzira

Zamani katika Buganda mizozo mingi ilisikilizwa na wakuu wa koo na machifu, na mkosaji aliweza kutozwa faini au fidia. Tusiyapambe yaliyopita. Adhabu za Kabaka zilikuwa kali, na Waislamu wa kwanza wa nchi hii waliuawa Namugongo katika miaka ya 1870, zama za Kabaka Muteesa wa Kwanza. Hata hivyo, katika kesi za majirani, aliyeibiwa na aliyeiba walikaa baraza moja na wazee, na kila mmoja alisema lake.

Utawala wa Waingereza ulileta mfumo mwingine. Katika miaka ya 1920 ilijengwa jela kuu ya Luzira, karibu na Port Bell, kando ya Ziwa Victoria. Tangu hapo kosa likawa ni baina ya mkosaji na serikali. Aliyedhulumiwa akabaki kuwa shahidi tu: anaitwa, anaulizwa, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkosaji naye akapelekwa mbali, pasipo kuonana tena na yule aliyemkosea.

Tulinganishe na Madina. Thumama bin Uthal, Mwenyezi Mungu amridhie, alipotekwa alifungwa kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Watu walimwona kila swala, naye aliwaona wao. Alilishwa, akasemezwa, na baada ya siku tatu akaachiwa huru. Akaenda kuoga, akarudi kusilimu. Hakufichwa na jamii hata alipokuwa kifungoni.

Jeraha letu la mwaka 1991

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wetu hatupendi kuwasimulia watoto. Mwezi Machi mwaka 1991, katika mgogoro wa muda mrefu juu ya nani awe Mufti, vijana wa Tabligh walivamia makao makuu ya Baraza Kuu la Waislamu, Old Kampala. Damu ilimwagika na askari polisi waliuawa. Vijana wengi walikamatwa wakatiwa ndani, akiwemo Jamil Mukulu.

Mwaka 1993 Mukulu na baadhi ya wenzake walikuwa wameshatoka. Walirudi katika jamii iliyogawanyika vile vile kama walivyoiacha, na wengine miongoni mwao wakashika njia ya silaha. Kambi yao ya Buseruka, upande wa Hoima, ilivunjwa na jeshi mwaka 1995, na waliosalia wakawa sehemu ya kundi la ADF lililoanza vita magharibi mwa nchi mwaka 1996. Tarehe 8 Juni 1998 wanafunzi wapatao 80 waliuawa katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, wengi wao wakiteketea kwa moto mabwenini. Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015 akarejeshwa Uganda kushitakiwa.

Hatusemi kwamba jela ndiyo iliyozaa vita, wala hatumwondolei mtu yeyote dhambi ya damu. Uasi ule ulikuwa na sababu nyingi, na wengine waliotoka jela hawakushika bunduki. Tunachojiuliza ni hiki: vijana wale walipofunguliwa, ni mzee gani aliyewaketisha na familia za askari waliouawa? Nani aliwauliza watafanya kazi gani? Kesi zilikwisha, lakini ugomvi wenyewe haukusuluhishwa.

Msamaha usiomfikia aliyeumizwa

Mwaka 2000 Bunge lilipitisha Sheria ya Msamaha. Muasi aliyeweka silaha chini na kuukana uasi hakushitakiwa, na zaidi ya watu 26,000 walipata msamaha huo, wakiwemo waliotoka ADF. Walipewa shilingi 263,000 pamoja na vitu vya kuanzia maisha kama godoro, blanketi na jembe.

Hapana shaka sheria ile iliokoa roho nyingi. Lakini wazazi waliopoteza watoto walilalamika kwa haki: aliyechoma nyumba amepewa godoro, na aliyechomewa amepewa nini? Ndugu zetu Waacholi wa kaskazini wana mila ya mato oput. Kwanza ukweli husemwa na kosa hukiriwa, kisha fidia hulipwa, ndipo koo mbili hunywa pamoja kinywaji kichungu. Uchungu hauji mwishoni bure; kila mmoja ameonja wa mwenzake. Nasi Waislamu tunayo sulhu, na tunayo diya ambayo wenye damu wanaweza kuisamehe. Kote huko aliyedhulumiwa ana sauti.

Milango iliyopo leo

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 126, inazitaka mahakama zihimize upatanishi na kuwalipa fidia waliodhulumiwa. Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya mwaka 2006 inaziruhusu LC kuamuru mtu aombe radhi, arudishe mali au alipe fidia. Na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inamwezesha hakimu, kwa kosa dogo, kumpa mtu kazi ya umma isiyo na malipo kwa muda usiozidi miezi sita, akilala kwake na watoto wake. Milango hii ina faida kubwa, kwani magereza ya Uganda yamekuwa na watu zaidi ya 70,000, zaidi ya mara tatu ya nafasi iliyopo.

Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha jirani aseme "karibu".

Basi tuanze na tunayoyaweza. Familia isikate kumtembelea aliyeko ndani, kwa sababu mtu aliyesahaulika miaka mitano hana pa kurudi. Wazee wamwendee aliyekosewa mapema, kabla mfungwa hajatoka, wamuulize anataka nini: radhi, mali yake, au asimwone kabisa mtu yule. Jibu lake liheshimiwe, wala asisukumwe kusamehe kwa jina la dini. Siku ya kutoka, awepo mtu langoni na nauli mkononi. Fundi mmoja wa cherehani au wa pikipiki akimchukua miezi mitatu, amefanya zaidi ya hotuba kumi. Na deni likiwa ndilo lililomwangusha, tukumbuke kwamba wenye madeni wana fungu lao katika zaka.

Nanyi wanafunzi, waulizeni babu zenu habari za mwaka 1991. Jeraha lisilosimuliwa halifundishi mtu.

Tunamuomba Allah atusamehe tulipofunga milango, awape subira waliodhulumiwa, na atujaalie tuwe watu wa sulhu. Amin.

Wabillahi tawfiq.