Ekari 160: Habari za Daniel Freeman na Jamaa Yake

Katika siku za yubile ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia, waliofyeka, wakajenga, wakapanda, hata sisi tukala matunda ya jasho lao. Lakini yatupasa kuwakumbuka kwa kweli, si kwa sifa tupu. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za mkulima mmoja wa nchi ya mbali, yaani Marekani, kwa kuwa maisha yake yana mafundisho kwa kila atakaye kuandika habari za wazee wake.

Tarehe 20 Mei 1862, nchi ile ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwagawia watu ardhi ya serikali. Kila mkuu wa jamaa, au mtu aliyetimiza miaka 21, akiwa raia au ametangaza nia ya kuwa raia, wala hakupata kuchukua silaha juu ya serikali, aliruhusiwa kuchagua ekari 160. Wajane na wanawake wasioolewa nao waliruhusiwa. Alilipa ada ndogo tu. Lakini sharti lilikuwa zito: akae pale miaka 5, ajenge nyumba, alime, ndipo apewe hati.

Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Daniel Freeman, aliyezaliwa Ohio mwaka 1826 na kujifunza udaktari, alikuwa usiku ule katika mji wa Brownville, Nebraska. Husimuliwa kwamba alimsihi karani wa ardhi amfungulie ofisi mara baada ya saa sita ya usiku, akisema kwamba hana budi kurudi jeshini. Karani akakubali, na jina lake likaandikwa katika saa ya kwanza ya sheria ile. Siku hiyo hiyo watu wengine mamia waliandikisha mashamba yao.

Shamba lake lilikuwa kando ya kijito cha Cub Creek, karibu na mji wa Beatrice. Basi kuandikwa jina ni kazi ya dakika chache, bali kufanya shamba ni kazi ya miaka. Nchi ile ilikuwa mbuga ya majani marefu, na mizizi yake ilifumana kama mkeka, hata ilibidi kuipasua kwa plau ya chuma ikokotwayo na wanyama. Miti ilikuwa haba ila kando ya mito, kwa hiyo walowezi wengi walikata udongo pamoja na majani yake, wakaupanga kama matofali, wakajenga nyumba. Majira ya baridi yalileta theluji na tufani. Majira ya ukavu yalileta moto wa mbuga. Mwaka 1874 nzige walishuka Nebraska na nchi za jirani, wakala mazao ya watu. Wengi walishindwa, wakayaacha mashamba kabla ya kupata hati.

Freeman hakushindwa, wala hakufanya kazi peke yake. Mke wake wa kwanza alikuwa amekwisha kufa. Ndugu yake James, aliyekuwa amemchumbia Agnes Suiter wa Iowa, alikufa wakati wa vita. Daniel akaandikiana barua na Agnes, na mwaka 1865 wakaoana. Agnes akaja kukaa mbugani, akazaa na kulea watoto katika nyumba ndogo. Mwaka 1868 mashahidi walipothibitisha kazi yao, waliandika kwamba pana nyumba ya magogo na mbao, futi 14 kwa 20, ekari kama 35 zilizolimwa, banda la farasi, banda la kondoo lenye urefu wa futi 100, ghala ya mahindi, mitofaa 40 na mipichi kama 400. Mwaka 1869 hati ikatolewa, nayo ilikuwa na jina la Daniel tu.

Lakini ardhi hiyo ya bure ilitoka wapi? Kabla ya walowezi ilikuwa nchi ya Waotoe na Wamissouria. Kwa mapatano ya mwaka 1854 waliachilia sehemu kubwa ya nchi yao, wakabaki na eneo dogo kando ya mto Big Blue. Hata hilo halikudumu: mwaka 1881 walihamishwa kwenda nchi ambayo sasa ni Oklahoma. Basi alichopewa mmoja bure, mwingine alikilipia kwa nchi ya baba zake.

Jambo jingine lawahusu walimu. Mwaka 1899 Freeman alimpinga mwalimu wa shule ya jirani, ambaye alisoma Biblia, aliomba na kuimba nyimbo za dini pamoja na watoto darasani. Shauri likafika mahakama kuu ya Nebraska, na mwaka 1902 Freeman akashinda. Mwaka uliofuata mahakama ikaeleza kwamba Biblia yenyewe haikufukuzwa shuleni, bali mafundisho ya madhehebu. Majirani wengine walichukizwa naye. Lakini tufikiri: shule iliyojengwa kwa kodi ya wote ina watoto wa wote, na mzazi aliye peke yake katika neno lake naye ana haki ya kusikilizwa.

Daniel alikufa mwaka 1908, akazikwa katika shamba lake. Agnes alimfuata mwaka 1931. Mwaka 1936 serikali ililifanya shamba lile kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1976, ila Alaska iliendelea hata 1986. Na ardhi yote iliyogawiwa kwayo ilikuwa karibu ekari milioni 270.

Ndugu wasomaji, tunapowauliza wazee habari za mwanzo wa mitaa yetu, tusitosheke na jina lililo juu ya hati. Tuulize pia ni nani aliyekuwapo kabla, ni nani aliyechota maji na kulea watoto, na ni nani aliyesema neno ambalo wengine hawakulipenda. Mwanzilishi hapungukiwi heshima kwa kuwa habari zake zimesimuliwa zote.