Ujira na Heshima ya Mwalimu

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kumwona mwalimu mmoja akiingia darasani kwa uso mkunjufu, na mwenzake akiingia kama mtu apelekwaye barazani kuhukumiwa. Je, wadhani tofauti yao ni tabia tu? La, hasha. Hebu tutazame historia ya nchi yetu ya Kenya.

Zamani za ukoloni mwalimu Mwafrika hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliajiriwa na misheni, yule na halmashauri ya wilaya. Walimu wawili wenye cheti cha namna moja waliweza kufundisha ng'ambo mbili za mto mmoja, wala wasipate masharti mamoja ya kazi. Tena, katika shule nyingine za misheni, mwalimu aliweza kuachishwa kazi kwa sababu ya mambo ya nyumbani kwake.

Ndipo mwaka 1957 walimu walipounda chama chao, KNUT. Walidai mwajiri mmoja kwa walimu wote, na mwaka 1967 ikaundwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Angalia, basi, kwamba hawakutaka fedha tu. Walitaka haki na usalama wa kazi.

Walakini fedha nazo si jambo dogo. Mwaka 1997, baada ya mgomo mkubwa, serikali ilikubali kuwaongezea mishahara kwa awamu katika miaka mitano. Awamu ya kwanza ikalipwa, zilizosalia zikakawia miaka mingi. Ahadi isiyotimizwa huuma kuliko isiyotolewa. Kisha mwaka 2003 ada za shule za msingi zilifutwa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia shuleni. Lilikuwa jambo la heri. Lakini madarasa yalifurika, na walimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho.

Nami nafundisha katika chuo cha ualimu. Siku moja alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekwisha kufundisha miaka mitatu. Nilidhani atalalamikia mshahara. Akaniambia, "Mwalimu, tangu nianze kazi sijaambiwa ahsante hata mara moja." Alikuwa akifikiri kuacha kazi.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mshahara hutoka kwa Tume, na utaratibu mwema hutoka kwa mwalimu mkuu. Lakini tunzo moja imo mikononi mwako wewe usomaye. Je, umekwisha kuitoa?