Kuchapa Miundo ya Data Yenye Vielekezi: Kutoka Lisp hadi Go

Kielekezi ni thamani inayohifadhi anwani ya data nyingine katika kumbukumbu ya kompyuta. Muundo wa data unapobeba vielekezi vya miundo mingine, programu inayouchapa hukabiliwa na uamuzi: ichape anwani, au iifuate na kuchapa kilichomo. Insha hii inadai kwamba historia ya uamuzi huo ni historia ya mahitaji matatu yanayoshindana: kuonesha yaliyomo, kuhakikisha uchapaji unakoma, na kuhifadhi umbo halisi la muundo.

Lisp, iliyoelezwa na John McCarthy katika makala ya mwaka 1960, ilichagua kufuata vielekezi. Katika kompyuta ya IBM 704, kila seli ya orodha ilikuwa neno la biti 36 lililobeba anwani mbili za biti 15. Kwa kuwa orodha zote zilijengwa kwa seli za namna hiyo, utaratibu mmoja wenye kujiita wenyewe ulitosha kuzichapa kwa mabano, hata zilipobeba orodha nyingine ndani yake. Hata hivyo, ziliibuka kasoro mbili. Orodha iliyojirudia kwa mzunguko haikuwa na mwisho wa kuchapwa. Aidha, orodha moja iliyofikiwa kwa njia mbili ilichapwa mara mbili, kana kwamba ni orodha mbili. Kasoro hii ya pili ni nzito zaidi kwa sababu haijitangazi: msomaji hupata matini safi, lakini hawezi kujua kwamba badiliko moja litajitokeza mahali pawili.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichukua njia tofauti. Kitendaji chake cha printf hakijui umbo la muundo kinachopewa. Hivyo huweza kuchapa anwani, na kazi ya kuzifuata humwangukia mwandishi wa programu.

Common Lisp, iliyoelezwa katika kitabu cha Guy Steele cha mwaka 1984, ilizitatua kasoro zote mbili. Swichi ya *print-circle* inapowashwa, sehemu inayofikiwa zaidi ya mara moja hupewa namba, kisha namba hiyo pekee hutajwa inaporudiwa. Gharama yake ni kuupitia muundo mzima kabla ya kuuchapa. Kwa kawaida swichi hiyo huwa imezimwa.

Go, iliyotoa toleo lake la kwanza rasmi mwaka 2012, iliafikiana na pande zote. Maktaba yake ya fmt hufuata kielekezi cha nje cha muundo, lakini vielekezi vya ndani huvichapa kama anwani. Mzunguko wa vielekezi hukatika, nayo maudhui ya ndani hufichika.

Kwa hiyo, hakuna uchapaji usioegemea upande. Kila lugha huamua ni ukweli upi utolewe mhanga, na anayetafuta hitilafu hupaswa kuujua uamuzi huo kabla ya kuyaamini yaliyochapwa.