Kufungua na Kufunga Bunduki: Kiswahili cha Kambini katika Njia ya Bombo

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Kawempe, kaskazini ya Kampala, hakawii kuambiwa kwamba lugha hii ni ya askari na wanyang'anyi. Shutuma hiyo haikuzuka bure. Kawempe imekaa kandokando ya njia iendayo Bombo, mji wa makambi tangu enzi ya ukoloni, na kwa miaka mingi aliyepita njia hiyo na bunduki begani alikuwa na Kiswahili kinywani. Katika makala haya tunakusudia kuitazama bunduki yenyewe, ile kuukuu ya Kiingereza, na namna askari walivyofundishwa kuifungua, kuisafisha na kuifunga, ili tupime kama kweli lugha hiyo ilikuwa ya kutisha watu tu.

Bunduki na Kiswahili viliingia Buganda kwa mlango mmoja. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844, na baada yao silaha zikaongezeka. Hata leo Mganda asemapo *amasasi* na *omuserikale*, twasikia humo risasi na serikali. Mwaka 1902 liliundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya, na kikosi chake cha nne kikawa cha Uganda. Wanubi waliotangulia jeshini walisema Kiarabu chao, Kinubi. Lakini walipoongezeka Waacholi, Walango na watu wa West Nile, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Maofisa wa Kiingereza nao walitakiwa kujifunza.

Silaha iliyotumiwa kwa muda mrefu ilikuwa Lee-Enfield, yenye kasiba ya milimita 7.7 na kasha la risasi 10. Kabla ya yote askari aliondoa kasha na kuhakikisha kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Kisha alivuta nyuma bolti, yaani lile komeo la chuma, akainua kichwa chake, akaichomoa. Ndani ya kitako mlikuwa na kijishimo chenye mfuniko, mlimowekwa kichupa cha mafuta na kamba yenye uzito mwishoni. Kitambaa kilifungwa kwenye kamba hiyo, kikapitishwa kutoka chumbani hadi mdomoni mwa bunduki. Iwapo bunduki ilikuwa imepigwa, kasiba ilimiminiwa kwanza maji yanayochemka, kwa kuwa fataki za zamani ziliacha chumvi iletayo kutu, na mafuta peke yake hayaiondoi.

Kazi kubwa ilikuwa kuifunga. Kichwa cha bolti kilizungushwa mpaka mwisho wa hesi zake. Bolti ilikuwa na namba sawa na ya mwili wa bunduki, wala haikufaa kuazimwa kwa jirani. Askari wawili wasafishapo kwenye turubai moja na kubadilishana bolti bila kujua, nafasi iliyo nyuma ya risasi huweza kuzidi kipimo, na ganda likapasukia karibu na uso wa mpigaji. Bolti ilirudi kwanza, kasha likafuata.

Tuyatafakari hayo kama walimu. Kikeya, Kiswahili cha askari, kilikuwa na upungufu mwingi wa ngeli na upatanisho, na wataalamu wengi walikicheka. Hata hivyo "kwanza", "kisha", "mpaka" na "usi-" hayakuweza kuchezewa, maana kosa lake lilikuwa jeraha. Mtu aliyetoka kijijini bila neno moja la Kiswahili alijifunza kwa kushika kitu, kukitaja, kukifungua na kukirudisha mbele ya mwalimu wake. Hilo lilikuwa darasa.

Msiba ni kwamba madarasa mengine yalifungwa. Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929. Na mwaka 1952 kiliondolewa katika lugha za shule za Uganda, isipokuwa katika shule za polisi. Hivyo kikabaki kambini. Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi wakakijua kwa amri za askari. Wanajeshi wa Tanzania walioiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979 walisema lugha iyo hiyo, lakini hofu haikufutika kwa siku moja.

Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo uamuzi haumtulizi mzazi wa Kawempe aliyekumbana na kizuizi cha barabarani. Hatushauri mwalimu amkatalie mzazi huyo kumbukumbu yake, kwani ni ya kweli. Tunashauri awape watoto jiko, baiskeli au cherehani, wakifungue, wakitaje kipande kwa kipande, wakifunge tena kwa Kiswahili sanifu, na mzazi akaribishwe kutazama.