Siku Daraja la Chania Lilipofungwa: Hofu ya Korona na Watoto Wetu

   Kama unasoma ukurasa huu peke yako nyumbani, vuta kiti uketi. Kama mnasomewa katika kikundi cha akina mama, mwache mtoto anyonye, nasi tuendelee.

Leo hatutazungumza juu ya uji wa lishe wala dawa ya kuhara. Tutarudi nyuma hadi mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, hasa hapa kwetu Thika na Ruiru. Tutajiuliza: watu waliogopa nini? Na hofu hiyo iliwafanya akina mama wafanye nini? Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini hofu zilikuwa nyingi. Baadhi ya hofu hizo zilitukinga. Nyingine zilitufukuza kutoka mahali ambapo watoto wetu wangepata msaada.

HABARI ZILIFIKA KABLA YA UGONJWA

Mwishoni mwa mwaka 2019 tulisikia kwamba kuna homa mpya katika mji wa Wuhan, nchini China. Tarehe 30 Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba homa hiyo ni dharura ya dunia nzima. Wengi wetu tuliona ni mambo ya mbali.

Kisha tarehe 26 Februari, ndege kutoka China ilitua Nairobi ikiwa na abiria 239. Video ya ndege hiyo ikasambaa katika simu. Watu walikasirika sana, wakauliza kwa nini milango imeachwa wazi. Siku mbili baadaye, Mahakama Kuu iliamuru safari za ndege kutoka China zisimamishwe kwa muda. Angalia vizuri, mama: hofu ilikuwa imekwisha kuingia nchini kabla ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa.

Ijumaa tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana. Alikuwa Mkenya aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Jumapili iliyofuata ikaamriwa shule zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba wanane tu, na nauli ikapanda.

Serikali ilituambia tunawe mikono kwa maji yanayotiririka, tukae mbali na wenzetu, na tubaki nyumbani. Ushauri huo ulikuwa mzuri. Lakini wewe unayeishi Kiandutu au Makongeni, au katika ploti za Ruiru zenye bomba moja na choo kimoja kwa familia nyingi, unajua ugumu wake. Maji yananunuliwa kwa mtungi. Watu watano wanalala chumba kimoja. Na anayefanya kibarua kiwandani au shambani, akibaki nyumbani leo, jioni hakuna unga. Kwa hiyo hofu ya njaa ilifika pamoja na hofu ya ugonjwa.

DARAJA LIKAFUNGWA

Jumatatu tarehe 6 Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia saa moja jioni hiyo, hakuna mtu kuingia wala kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake. Mpaka wa eneo hilo kwa upande wetu uliwekwa katika daraja la mto Chania, hapa Thika. Ruiru, Juja na Thika zikawa ndani. Kenol, Kabati na Gatanga, upande wa Murang'a, zikawa nje. Magari ya chakula na mizigo yaliruhusiwa kupita. Abiria wa kawaida hawakuruhusiwa.

Kwa miaka mingi mto huo haukuwa mpaka kwetu. Watu wa ng'ambo huuza mboga na ndizi Thika, hufanya kazi viwandani Thika, na wengine huja kujifungulia Thika. Sasa mfikirie mama aliyeishi Kabati, mimba ya miezi minane, na kitabu chake cha kliniki ni cha hospitali ya Thika. Au yule wa Ruiru ambaye mama yake mzazi, aliyetarajiwa kuja kumsaidia baada ya kujifungua, alikuwa Murang'a. Amri hiyo ilikuwa ya siku 21, lakini iliongezwa mara kadhaa. Ilidumu hadi tarehe 7 Julai.

HOFU YA USIKU

Wakati wa kafyu, mgonjwa wa dharura angeweza kupelekwa hospitalini. Lakini watu walikuwa wameona mengine. Siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga watu waliokuwa wakisubiri feri huko Likoni, Mombasa. Tarehe 30 Machi, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu. Akafa. Baada ya habari kama hizo, ni mama gani angetoka saa sita usiku kutafuta gari, hata kama uchungu umemshika? Na ni mwenye boda boda gani angekubali kumbeba?

Daktari mmoja aliyekuwa akisomea uzazi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Jemimah Kariuki, alitambua jambo hili. Akina mama waliofika kujifungua walikuwa wamepungua, lakini matatizo ya uzazi yalikuwa yameongezeka. Mimba hazikuwa zimepungua, mpendwa. Akina mama walikuwa wanabaki nyumbani. Daktari huyo alianzisha mpango wa usafiri wa bure uitwao Wheels for Life. Mama alipiga simu bila malipo, akazungumza na daktari, kisha akatumiwa teksi au ambulensi. Huo ni mfano wa mtu aliyeisikiliza hofu ya watu na kuitafutia njia, badala ya kuwagombeza.

HOFU YA KARANTINI

Wengi hawakuogopa korona yenyewe kama walivyoogopa kupatikana nayo. Mwanzoni, aliyewekwa karantini alitakiwa kulipa mwenyewe. Katika vituo vya serikali malipo yalikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Siku 14 ni shilingi 28,000. Familia ya kibarua itazitoa wapi? Aprili mwaka huo, hata waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini, hivi kwamba mahali pa kulinda afya pakafanana na jela. Watu waliruka ukuta wa kituo kimoja jijini Nairobi wakatoroka. Ni tarehe 6 Mei tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba italipa gharama katika vituo vyake.

Kulikuwa pia na aibu. Mwezi wa Aprili, mtu mmoja huko Siaya alizikwa usiku, bila jeneza, na wahudumu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Wakenya wengi waliona picha hizo, wakasema moyoni: heri nife na kikohozi changu nyumbani kuliko kuzikwa hivyo.

Mama, hapa ndipo mtoto alipoingia hatarini. Mtoto akikohoa na kupumua haraka, huenda ana nimonia, ugonjwa unaotibika ukiwahiwa. Lakini mzazi aliyehesabu shilingi 28,000, na macho ya majirani, angeweza kusema, "Tungoje kesho." Nimonia haingoji kesho. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini tukumbuke kwamba wakati mwingine mtu huficha maradhi kwa sababu wengine wamefanya kuyataja kuwa ghali.

Wale waliokuwa wazazi miaka ya themanini wanakumbuka haya. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984. Watu walinong'ona, wagonjwa walifichwa, vyombo vyao vikatengwa. Ni mwaka 1999, miaka 15 baadaye, ndipo Rais Daniel arap Moi alipotangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa. Korona ilitangazwa upesi zaidi, lakini aibu ilikuwa ile ile.

HOFU YA SINDANO

Tarehe 1 Aprili 2020, daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza katika televisheni ya kwao juu ya kujaribu chanjo ya BCG dhidi ya korona barani Afrika. Waafrika wengi waliudhika, na walikuwa na haki. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alikemea maneno hayo, akasema Afrika haitakuwa uwanja wa majaribio.

Lakini BCG ndiyo ile chanjo ya kifua kikuu ambayo mtoto wako hudungwa mkononi anapozaliwa. Imetumika kwa miongo mingi, na haikuwa jambo jipya. Hata hivyo jina lilipotajwa, shaka iliingia. Na shaka hiyo haikuanzia hapo. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki hapa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda ina kitu cha kuzuia uzazi, nayo serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Neno la namna hiyo likishaingia katika masikio ya akina mama, huchukua miaka mingi kutoka.

Mwezi wa Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni kubwa za chanjo zisimamishwe kwa muda ili watu wasisongamane, lakini chanjo za kawaida za kliniki ziendelee. Wengi walisikia nusu ya kwanza tu. Surua haikusimama kungoja. Mwaka 2021, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwanzo wa Julai, ilibidi Kenya ifanye kampeni ya chanjo ya surua na rubela katika kaunti 22, ikilenga watoto milioni tatu na nusu.

DAWA ZA MITAANI

Pale ambapo dawa haipo, maneno hujaa. Watu walikunywa tangawizi, limau na kitunguu saumu. Hivyo ni vyakula vizuri, lakini haviui virusi vya korona. Wengine walijifukiza kwa maji yanayochemka, na mvuke huo unaweza kumchoma mtoto vibaya. Gavana wa Nairobi wakati huo alisema ataweka chupa za pombe kali katika misaada ya chakula, eti kusafisha koo. Pombe haiponyi korona. Wengine walisema ugonjwa huu haumpati mtu mweusi. Ulimpata.

Tarehe 10 Julai 2020, Daktari Doreen Lugaliki alifariki kwa korona, akawa daktari wa kwanza kutangazwa kufa kwa ugonjwa huo nchini. Alikuwa daktari wa akina mama na uzazi. Tumkumbuke tunaposikia mtu akisema wahudumu wa hospitali walikuwa wanatafuta pesa tu.

TUMEJIFUNZA NINI?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Lakini mwezi wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulipatikana Kenya, huko Taveta mpakani, na minong'ono ikaanza upya. Ugonjwa mwingine utakuja siku moja. Hatujui jina lake, lakini hofu zake tunazijua tayari, kwa sababu tumekwisha kuziona.

Hatusemi usiogope, mama. Hofu iliyokufanya unawe mikono na uvae barakoa ilikuwa hofu njema. Bali uiulize hofu yako swali moja: inanipeleka wapi? Ikikupeleka kwenye maji na sabuni, ifuate. Ikikuzuia kumpeleka mtoto kliniki, ikatae, na umtafute mtu wa kukusindikiza.

YALE YA KUKUMBUKA

1. Mtoto akipumua haraka, akibonyea kifua, akishindwa kunyonya, akipata degedege au akilegea, mpeleke hospitalini mara moja, hata kama kuna ugonjwa mpya nchini.

2. Chanjo za mtoto hutolewa anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Kama siku imepita, usione aibu. Nenda na kitabu chako. Chanjo zilizokwisha kutolewa hazianzwi upya.

3. Mama mwenye korona aendelee kunyonyesha. Avae barakoa na anawe mikono kabla ya kumshika mtoto.

4. Ukiwa mjamzito, panga mapema: gari la nani, simu ya nani, nani atabaki na watoto, na kama njia ikifungwa ni kituo gani kilicho upande wako.

5. Jirani akiugua, mpelekee maji na chakula mlangoni. Usimtangaze.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Mwaka 2020 wewe uliogopa nini zaidi: ugonjwa, njaa, polisi, au maneno ya watu? Je, kuna siku ya kliniki uliyokosa? Na kama daraja lingefungwa tena leo jioni, katika kikundi chenu nani angehitaji msaada kwanza?